Mlezi Asiyelipwa: Wahitimu Wanaorudi Kuwaangalia Wadogo Zao katika Vyuo vya Marekani

Katika vyuo vikuu vya Marekani kuna vyama vya undugu vya wanafunzi wa kiume, ambavyo majina yake huandikwa kwa herufi za Kiyunani. Chimbuko lake huhesabiwa kuwa Phi Beta Kappa, iliyoasisiwa mwaka 1776 katika Chuo cha William & Mary, ijapokuwa leo jumuiya hiyo ni ya heshima ya kitaaluma tu. Mwaka 1906, wanafunzi saba weusi wa Chuo Kikuu cha Cornell walianzisha Alpha Phi Alpha, ambayo baadaye Martin Luther King na Thurgood Marshall walijiunga nayo. Uanachama wa vyama hivi hauishi kwa kuhitimu. Aliyeapishwa akiwa na miaka 19 ni ndugu hadi uzeeni, na kutokana na kanuni hiyo hupatikana walezi: wahitimu wanaojitolea, bila malipo, kuliangalia tawi la chuoni.

Sehemu kubwa ya kazi yao haina mvuto. Viongozi wa tawi hubadilika kila mwaka, hivyo mlezi ndiye kumbukumbu ya tawi. Yeye anajua deni la paa la nyumba lilianzaje, na kwa nini mweka hazina hapaswi kutia sahihi peke yake. Huhudhuria vikao, huuliza habari za alama za masomo, humtafutia kijana mahali pa kufanyia mazoezi ya kazi. Hayo yote ni mema, lakini mhudumu wa afya atavutiwa zaidi na jambo jingine, yaani majuma ya kuwaingiza wanachama wapya.

Usiku wa tarehe 2 Februari 2017, mwanafunzi wa miaka 19 wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania alinyweshwa pombe nyingi kwa muda mfupi katika nyumba ya chama, kisha akaporomoka kwenye ngazi za chini ya nyumba. Wenzake walimlaza kwenye kochi, wakamfunga mkoba mgongoni ili asilale chali akapaliwa na matapishi. Msaada uliitwa asubuhi, baada ya saa zipatazo 12. Bandama ilikuwa imepasuka na ubongo umeumia vibaya. Alifariki tarehe 4.

Mkoba ule una la kufundisha. Vijana hao walijua jambo moja sahihi, kwamba mlevi aliyepoteza fahamu hulazwa ubavu. Wasilolijua ni kwamba ulevi huficha majeraha. Aliyevuja damu ndani ya fuvu naye husinzia, hutapika na kusema maneno yasiyoeleweka, na asiye na utaalamu hawezi kumtofautisha na mlevi. Aidha, kiwango cha pombe katika damu huendelea kupanda hata baada ya mtu kuacha kunywa, kwa kuwa iliyomo tumboni bado inasharabiwa, ilhali ini huondoa takriban kipimo kimoja tu cha kinywaji kwa saa. Kahawa na maji baridi haviharakishi kazi hiyo. Asiyeamka anapotikiswa, anayepumua chini ya mara nane kwa dakika, aliyepoa au kugeuka rangi ya buluu midomoni, huyo ni mgonjwa wa dharura, na kauli ya “mwache alale” ni ya hatari.

Pombe si hatari pekee. Mwanachama mpya akilazimishwa kupiga pushapu mamia kwa mamia, misuli yake inaweza kuvunjika na kumwaga protini katika damu. Mkojo huwa na rangi ya chai ya rangi, na figo zaweza kushindwa kazi.

Hapa ndipo mlezi hupimwa. Yuko mhitimu anayekuja kusimulia jinsi kizazi chake kilivyopigwa na kustahimili. Huyo hudhuru kuliko kutokuwepo, kwa maana vijana huyachukua masimulizi hayo kuwa ruhusa. Mlezi afaaye huuliza, kabla majuma hayo hayajaanza, nani hatakunywa usiku huo, nani atapiga simu 911, na mlango upi gari la wagonjwa litaufikia. Tena namba yake ya simu huwa mikononi mwa wanachama wapya, si ya viongozi pekee.

Hofu iliyochelewesha simu katika visa vingi ni hofu ya adhabu, maana sheria za Marekani haziruhusu kuwauzia pombe walio chini ya miaka 21. Vyuo vingi sasa haviwaadhibu wanaoita msaada. Pennsylvania ilitunga sheria kali mwaka 2018, na mwishoni mwa 2024 sheria ya taifa zima ikavitaka vyuo kutangaza hadharani visa vya mateso haya. Huko Florida, sheria ya mwaka 2019 humkinga na mashtaka mtu wa kwanza kupiga simu, mradi abaki na mgonjwa mpaka wahudumu wafike. Walezi wengine huwasomea vijana kifungu hicho kwa sauti, usiku wa kwanza kabisa.