Mjomba Hayumo kwenye Fomu

Kwa Wakaguru na Wasagara wa milima ya wilaya hii ya Kilosa, ukoo hupita kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana kauli katika mahari, mirathi na ugawaji wa mashamba. Wavidunda walio milimani kusini ya Mikumi, na Waluguru jirani zao, wamelelewa katika njia hiyohiyo. Dini, serikali za vijiji na ndoa za mchanganyiko zimempunguzia mjomba nguvu, ila kikao cha ukoo bado kinamsubiri.

Sasa fungua programu ya kawaida ya kusajili kaya. Kuna mkuu wa kaya, mwenza wake, watoto wake, na jina la mwisho analolitoa baba. Mjomba hana kisanduku chake. Tukisema kompyuta ndiyo inayotaka hivyo, tunaisingizia. Aliyetaka hivyo ni mtu aliyekaa ofisini akachora familia kama anavyoijua yeye.

Uhandisi wa programu ulianza kuvuma kwa jina hilo mwaka 1968, wataalamu walipokutana Garmisch, Ujerumani, wakilalamika kwamba programu kubwa zinachelewa, zinakula fedha kuliko makadirio, kisha zinaharibika. Mwaka huohuo Mmarekani Melvin Conway alichapisha hoja yake kwamba mfumo unaobuniwa na taasisi huishia kufanana na namna watu wa taasisi hiyo wanavyowasiliana. Mimi ningeongeza: na namna wanavyooana na kurithishana. Programu nayo ina kwao.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ya kazi hii, kukusanya mahitaji, ni ngumu kuliko kuandika msimbo. Mgeni akifika kijijini na programu yake kwenye kishikwambi, akauliza, "Mnaionaje?", atajibiwa, "Nzuri sana, mwanangu." Hiyo ni adabu, mgeni havunjwi moyo. Mhandisi mwenye akili huuliza matukio: Msiba wa mwisho hapa, shamba la marehemu lilikwenda kwa nani? Nani alikaa kikao? Nani alipinga? Hapo ndipo utaratibu wa kweli hujitokeza, na mara nyingi anayeujua wote ni bibi aliyekaa pembeni akichambua mboga.

Ukishuka uwanda wa Mkata mambo yanageuka. Kule Twatwatwa wanaishi Waparakuyo, wafugaji wa jamii ya Kimaasai ambao wengi hapa huwaita Wakwavi. Kwao ukoo hufuata baba, boma moja laweza kuwa na wake kadhaa, na kila mke ana nyumba yake na ng'ombe wa kuwalisha wanawe. Je, hiyo ni kaya moja au kadhaa? Sensa ya 23 Agosti 2022 ilikuwa ya kwanza nchini kutumia vishikwambi, na uzuri wa chombo hicho ni kwamba kinaweza kukataa jibu lisilowezekana papo hapo. Lakini kanuni ya uhakiki ikiandikwa vibaya katika mfumo wowote, hukataa hata jibu la kweli, na karani aliyechoka hujaza uongo ili asonge mbele. Takwimu za namna hiyo huonekana safi kabisa.

Ardhi nayo ina majira. Pahali penye mahindi wakati wa masika, mavuno yakishatoka, mifugo huweza kuingia kula mabua kwa makubaliano. Ramani ya kompyuta inayokipa kila kipande matumizi ya aina moja na rangi moja imeshachagua upande kabla ya kikao. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni wilayani humu, mgogoro wa wakulima na wafugaji uliua watu 38. Sisemi programu ingewaokoa. Nasema asiyejua historia hiyo asichore mipaka hapa.

Wahandisi wenyewe wana mila zao, na moja ingeeleweka haraka sana Ukaguruni: msimbo wako haupokelewi mpaka mwenzako aukague na kuukosoa. Huyo ni mtani. Mtani wa ukoo huja msibani, akashika kazi za mazishi, akasema hadharani yale ambayo ndugu wameyameza, na kununa ni mwiko. Timu isiyo na mtu wa namna hiyo hupitisha makosa kwa heshima.

Mikumi mjini, kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, kuna watu wa makabila mengi, kwa hiyo kumtoa baba na kumweka mjomba kwa wote lingekuwa kosa lilelile limegeuzwa. Afadhali mfumo uruhusu mtu kuunganishwa na watu wengi, naye ataje uhusiano wenyewe. Tena usiigandishe mila: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitambua haki miliki ya kimila, lakini inakataa mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Kwa hiyo ndugu msanifu, ukipewa kazi ya mfumo wa ardhi au afya wa wilaya hii, tenga fedha za kwenda vijijini kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Nenda masika, urudi tena kiangazi, na majaribio uyafanyie hukohuko.