Kabla ya kuunganisha runinga na jenereta: Safari ya umeme kutoka volti 12 hadi 240

KATIKA vijiji vingi ambako nyaya za stima hazijafika, au zimefika zikaishia barabarani, jenereta ndogo ya petroli ndiyo hukumbukwa kwanza panapotokea harusi, matanga au fainali ya kandanda. Mashine hiyo aghalabu hununuliwa kwa kujinyima. Inapofika nyumbani, mwenyewe hugundua kwamba kando ya soketi ya kawaida kuna tundu jingine dogo lililoandikwa volti 12, na hapo ndipo majaribio huanza.

Wazo linalowajia wengi linaonekana kuwa la busara. Inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani, hutumia volti 12. Tundu la jenereta nalo hutoa volti 12. Kwa nini basi visiunganishwe moja kwa moja, runinga ikawaka na gharama ya betri ikaepukwa? Jibu hupatikana wakati inveta inapoanza kulia na kujizima, au harufu ya plastiki iliyoungua inapotanda sebuleni na runinga ya maelfu ya shilingi kugeuka pambo la ukutani.

Umeme ni wa aina mbili. Kuna mkondo mnyoofu, unaotiririka upande mmoja tu kama maji ya mto, nao ndio utokao katika betri na paneli za sola. Kisha kuna mkondo geu, ambao huenda mbele na kurudi nyuma, mizunguko 50 kamili kwa kila sekunde, na ndio unaosambazwa nchini Kenya kwa volti 240. Mkondo geu ulipendelewa kwa sababu transfoma inaweza kuupandisha hadi maelfu ya volti ili usafiri mbali bila kupotea sana, kisha ikaushusha tena mlangoni pa mteja. Kituo alichokifungua Thomas Edison jijini New York mnamo 1882 kilitumia mkondo mnyoofu, na kutokana na udhaifu huo kiliweza kuwahudumia wateja wa karibu tu.

Sasa turejelee lile tundu. Katika jenereta nyingi ndogo, umeme wake hupitishwa katika vipande vya kuunyoosha na kuachwa hivyo hivyo, bila kulainishwa wala kudhibitiwa. Volti zake huruka juu na chini kila injini inapobadili kasi. Fauka ya hayo, nguvu yake ni haba, takriban ampea 8 hivi, ambazo ni chini ya wati 100. Tundu hilo liliwekwa kwa kazi moja, nayo ni kuchaji betri. Betri haijali sana mawimbi hayo. Huyameza kama tangi linavyopokea maji yanayoingia kwa vishindo, kisha mfereji wa chini ukayatoa kwa utulivu. Ndiyo maana betri si gharama ya kuepukwa katika mpango huu. Bila betri, hakuna mpango.

Hata hivyo, anayetegemea tundu hilo kuchaji betri kubwa atateketeza petroli nyingi. Chukua nyumba yenye runinga ya wati 60, king'amuzi cha wati 15 na balbu mbili za wati 5 kila moja. Jumla ni wati 85. Inveta nayo hula sehemu yake, kwa hivyo betri italazimika kutoa wati 100 hivi, sawa na ampea 8 na ushei. Betri ya ampea 100 kwa saa, ikiwa ni ile ya risasi na asidi, haifai kutumiwa kupita nusu, la sivyo itakufa mapema. Nusu hiyo itaendesha vifaa hivyo kwa saa sita, ambazo zinatosha jioni nzima. Lakini kuijaza tena kwa tundu la ampea 8 kutachukua zaidi ya saa sita za mngurumo. Heri kutumia soketi ya volti 240 ya jenereta hiyo hiyo, ichomekwe chaja halisi ya betri ya ampea 20. Muda utapungua hadi saa tatu au nne, na injini iliyokuwa ikinguruma usiku kucha kwa ajili ya runinga moja itakuwa imezimwa kabla ya magharibi.

Betri yenyewe haipaswi kuwa ya gari. Ile iliundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuamsha injini, kisha ijazwe papo hapo. Ikimalizwa kila usiku, haichukui muda kabla ya kugeuka mzigo wa kuuziwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Betri za sola zina sahani nene zaidi zinazostahimili kazi hiyo, nazo za lithiamu, ingawa bei yake humtisha mnunuzi, huweza kutumiwa hadi asilimia 80 bila kudhurika.

Inveta nazo hazilingani. Za bei rahisi hutoa mkondo unaopanda na kushuka kwa ngazi, ilhali ule wa stima hupanda na kushuka kama wimbi laini la bahari. Balbu na chaja nyingi za simu huvumilia ngazi hizo. Mota ya jokofu hupata joto na kunguruma, redio hukoroma, na baadhi ya vifaa hukataa kabisa. Jokofu, tena, hudai nguvu mara kadhaa ya kiwango chake wakati wa kuanza, hivyo inveta inayotosha kwa karatasi huenda isitoshe kwa vitendo. Ama pasi na birika la umeme, hivyo visahauliwe, makaa yangalipo.

Jambo linalopuuzwa mno ni unene wa nyaya. Mzigo wa wati 1,000 kwa volti 240 ni ampea 4 na kitu. Mzigo uo huo upande wa betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 80. Waya mwembamba uliotosha ukutani utayeyuka hapa. Nyaya kati ya betri na inveta ziwe nene na fupi, na fyuzi iwekwe karibu na ncha chanya ya betri, kwa kuwa spana ikiangukia ncha zote mbili hugeuka nyekundu kwa joto.

Kinaya ni kwamba vifaa vingi vya elektroniki havitaki mkondo geu hata kidogo. Ndani ya runinga, kipakatalishi au chaja ya simu mna kisehemu kinachorudisha volti 240 kuwa mkondo mnyoofu wa volti chache. Umeme hupandishwa na inveta kisha ukashushwa na adapta, na kila hatua hutoza ushuru wake kwa njia ya joto. Familia za Kenya zilizotazama runinga ndogo za volti 12 kwa betri iliyobebwa kwa baiskeli hadi sokoni kuchajiwa hazikuwa zimepitwa na wakati. Runinga za volti 12 zingali zinauzwa, na taa vilevile. Tahadhari ni moja: betri inayochajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi, kwa hivyo kifaa kinachodai volti 12 kamili kiwekewe kidhibiti katikati.

Petroli inapochomwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, ambayo huua watu usingizini. Jenereta isiwashwe ndani ya nyumba wala kwenye veranda iliyo karibu na dirisha. Betri za asidi nazo hutoa haidrojeni zinapochajiwa, na koroboi kando yake ni kama kiberiti kwenye baruti.

Hatari nyingine huja siku stima ya taifa inapofika hatimaye. Wapo wanaochomeka jenereta au inveta katika soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Bila swichi ya kubadilishia iliyowekwa na fundi aliyeidhinishwa na mamlaka ya EPRA, umeme huo huweza kupenya mita, kurudi hadi kwenye transfoma ya mtaa na kupandishwa kuwa volti 11,000 au 33,000, wakati ambapo juu ya mlingoti kuna mfanyakazi aliyeambiwa kwamba laini imezimwa.