Chinchila wawili hawapatani kwa siku moja

FAHALI wawili hawakai zizi moja, walinena wahenga. Methali hiyo huwathibitikia wengi wanaoanza kufuga chinchila, mnyama mdogo mwenye manyoya laini ambaye ni kipenzi katika nyumba nyingi za Marekani na Ulaya.

Aghalabu mfugaji mgeni hununua chinchila mmoja, akamwona mpweke, akamtafutia mwenzake na kuwafungia pamoja siku hiyo hiyo. Kufikia asubuhi, huenda akakuta mmoja amejeruhiwa vibaya au amekufa.

Chinchila ni wa jamii ya wanyama wagugunaji, kama panya. Uzani wake ni takriban nusu kilo, ana masikio makubwa na mkia wenye manyoya, na huchangamka jioni na usiku. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, ambako huishi kwa makundi katika nyufa za miamba.

Manyoya yake ndiyo yaliyomponza. Aliwindwa kupita kiasi hadi mwaka wa 1910, ambapo Chile, Argentina, Bolivia na Peru zilitia saini mkataba wa kupiga marufuku uwindaji huo. Mnamo 1923, mhandisi wa migodi Mmarekani, Mathias Chapman, alisafirisha chinchila wachache kutoka Chile hadi California. Wengi wa wanaofugwa Marekani leo ni vizazi vya hao, ilhali wale wa porini wangali katika hatari ya kuangamia.

Kwa kuwa ni mnyama wa kundi, chinchila hufaidika akiwa na mwenzake. Hata hivyo, hamkubali kila ajaye. Kila mmoja hutambua makao yake kwa harufu, na mgeni aingiapo ghafla huchukuliwa kuwa adui.

Njia rahisi kwa anayeanza ni kuchukua ndugu wawili wa jinsia moja ambao hawajawahi kutenganishwa. Madume wawili waliolelewa pamoja huweza kuishi kwa amani, almuradi hakuna jike karibu. Majike wawili pia hupatana, ingawa jike kwa kawaida ni mkubwa kuliko dume na hupenda kutawala.

Dume na jike wasiwekwe pamoja iwapo dume hajahasiwa na daktari wa mifugo. Hata akishahasiwa, huweza kumpa jike mimba kwa wiki kadhaa, hivyo ni sharti wasubiri. Jike hubeba mimba kwa siku 111 hivi, na anaweza kushika nyingine punde tu baada ya kuzaa, jambo linalomdhoofisha mno.

Kutofautisha jinsia kwahitaji uangalifu, kwani jike pia ana kinyama cha kupitishia mkojo kinachofanana na uume. Tofauti ni kwamba kwa jike kinyama hicho hukaribiana sana na tundu la haja kubwa, ilhali kwa dume kuna nafasi ya wazi baina ya viwili hivyo.

Wakati wa kuchagua, mnunuzi achunguze macho yasiyotoa machozi, pua kavu, manyoya yasiyo na vipara na kinyesi kikavu. Kidevu chenye majimaji ni dalili ya ugonjwa wa meno, ambayo kwa mnyama huyu hukua maisha yake yote. Ndiyo sababu nyasi kavu ni chakula chake kikuu: huyapunguza meno anapotafuna.

Ikiwa wawili hao hawajuani, mgeni atengwe katika chumba kingine kwa wiki mbili hadi nne ili kuhakikisha hana maradhi. Baadaye vizimba viwekwe kando kwa kando, kukiwa na nafasi ya kuwazuia kung'atana vidole.

Kisha wabadilishane vizimba, pamoja na bakuli la vumbi laini ambalo chinchila huoga badala ya maji. Kwa njia hii kila mmoja huizoea harufu ya mwenzake kabla hawajagusana.

Wakishaanza kulala karibu karibu, kila mmoja upande wake, wakutanishwe mahali ambapo hakuna aliyewahi kupamiliki. Dakika 10 hadi 15 zatosha kwa mara ya kwanza, na mwenyewe asiondoke.

Kukimbizana kidogo na kupandana ni kawaida, kwani wanaamua nani mkubwa. Lakini wakianza kugonganisha meno, kurushiana mkojo au kung'oana manyoya, watenganishwe mara moja kwa taulo nene, si kwa mikono mitupu. Dalili njema ni kusafishana manyoya na kulala wakiwa wameegemeana.

Hapo ndipo wahamishiwe kizimba kimoja kilichosafishwa na kupangwa upya. Kiwe na vyombo viwili vya chakula, chupa mbili za maji na vijumba vyenye milango miwili, ili anayefukuzwa asikwame ndani. Kizimba cha pili kisiuzwe, maana wapo wasiopatana kamwe, na hata waliozoeana huweza kukosana.

Isitoshe, mahali penyewe sharti pawe baridi. Manyoya hayo, yanayoota zaidi ya 50 katika kitundu kimoja cha ngozi, humfaa milimani lakini humwua penye joto. Nyuzi 15 hadi 21 za Selsiasi zamtosha. Zikipita 25 huwa hatarini. Mji kama Mombasa, ambako joto hupita nyuzi 30 mapema kila mwaka, haumfai asipokuwa na chumba chenye kipoza hewa.

Chinchila aliyetunzwa vyema huishi miaka 10 hadi 20. Asiyeweza kuwapa wawili hao mwezi mmoja au miwili ya kuzoeana ni heri awatafute ndugu waliokwisha kupatana.