Si kila giza la uzeeni ni mtoto wa jicho

Mama wa miaka 68 aliletwa kwangu na mwanawe kwa kuwa alikuwa akijigonga milangoni. Nyumbani walisema ni uzee. Yeye alidhani ni mtoto wa jicho, kama jirani yake aliyepasuliwa, akawekewa lenzi mpya na sasa anachagua mchele mwenyewe.

Sivyo. Ilikuwa glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi kutokana na presha ndani ya jicho. Kwa kawaida huanzia pembeni, bila maumivu, na nuru iliyopotea hairudi. Matone ya kila siku hulinda iliyobaki tu.

Kushindwa kusoma maandishi madogo baada ya miaka 40 ni kawaida. Lakini miwani ya kununua barabarani (mama alikuwa nayo mitatu!) haipimi presha ya jicho.

Glakoma hufuata ukoo, kwa hivyo nilimwambia mwanawe, mwenye miaka 44, akapimwe pia. Akacheka, akasema anaona vizuri. Mamake pia alikuwa akisema hivyo.

Sasa mama anatumia matone, na kingo za ngazi nyumbani zimepakwa rangi nyeupe.