Tashtiti na Mbinu Zake: Mfano wa Mzaha wa Sumbawanga

Kiswahili kina maneno mengi ya kucheka wengine: utani, dhihaka, kejeli, kebehi, stihizai, tashtiti. Katika mazungumzo ya kila siku watu huyachanganya, wala hapana hasara kubwa. Lakini anayetaka kuielewa fasihi hana budi kuyatenga, maana yako maandishi yanayochekesha ili yarekebishe, na yako yanayochekesha bila kujali anayeumia. Makala haya yaeleza tashtiti ni nini na watunzi wake hutumia mbinu gani. Kisha yatazama mzaha mmoja mashuhuri wa Ufipa, ambao wengi hudhani ni tashtiti.

Tashtiti ni kichekesho chenye kusudi la kufichua upungufu. Yahitaji mambo matatu: kosa la kweli, mkosaji anayejiona hana kosa, naye mara nyingi ana cheo au nguvu, na wasikilizaji wanaojua tofauti ya lililo na linalopasa kuwa. Hapo ndipo inapotofautiana na utani. Utani ni haki ya pande mbili: leo wanicheka, kesho nakucheka, na hata msibani mtani husema asiyoruhusiwa mwingine kusema. Tusi nalo halina kusudi ila kuumiza.

Mbinu ya kwanza ni istiara, yaani kusema jambo la hapa kana kwamba ni la mbali. Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Nchi yake aliiweka angani. Humo Karama ashtakiwa kwa sababu ataka watu wafundishwe sheria, na mshtaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Nchi ile haimo katika ramani yoyote, lakini msomaji hakushindwa kuitambua. Na jina la waziri lilikwisha kumhukumu kabla hajafungua kinywa.

Mbinu ya pili ni chuku, yaani kulikuza jambo hata aibu yake ionekane. E. Kezilahabi aliiita tamthilia yake, iliyochapishwa mwaka 1999, Kaptula la Marx. Kwa kawaida twasema kaptula ya fulani. Kwa kuweka "la" mahali pa "ya", mtunzi amelifanya vazi kuwa kubwa kupita kiasi. Silabi moja imebeba hoja nzima ya kuvaa mawazo yasiyomkaa mvaaji.

Mbinu ya tatu ni kupindua mambo: mdogo amshinde mkubwa. Hadithi za Kalulu, sungura wa Wafipa, ni za namna hii. Mnyama mwenye nguvu hashindwi na mbio za sungura, bali kwa majivuno yake mwenyewe. Masimulizi ya Wafipa yalikusanywa na Roy Willis, naye akayatolea kitabu mwaka 1978.

Mbinu ya nne ni kinaya cha uso mkavu: mtunzi aishika hoja ya mkosaji, ajifanya kuikubali, kisha aifuata hata mwisho wake wa kutisha. Jonathan Swift, mwaka 1729, alipendekeza kwa lugha ya mtaalamu mpole kwamba watoto wa maskini wa Ireland wauzwe wawe kitoweo cha matajiri. Hakucheka hata mara moja; aliwaachia wasomaji kazi ya kushtuka.

Sasa tuje Sumbawanga. Mji huu, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa ulioanzishwa mwaka 1974, uko juu ya uwanda wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Bonde la Rukwa. Mkulima wa huko ni hodari wa mahindi, na mababu zake walijua kuyeyusha chuma katika tanuu ndefu za udongo. Lakini utajapo Sumbawanga mbali na Rukwa, anayekusikiliza hakumbuki mahindi wala chuma. Huuliza habari za ungo urukao usiku na radi itumwayo kwa adui. Kumbe jina lenyewe, kama wenyeji wanavyolieleza, lina maneno mawili: sumba, yaani tupa, na uwanga, yaani uchawi. Mji ulioamriwa kuutupa uchawi umefanywa ghala lake. Kinaya hicho hakikutungwa na mtu. Kimezaliwa na masikio yasiyouliza maana.

Je, mzaha huu ni tashtiti? Tuupime kwa yale mambo matatu. Kosa halikuthibitishwa; anayechekwa si mwenye cheo bali ni kabila zima; na mchekaji hataki kurekebisha kitu. Basi si tashtiti. Baina ya watani ni utani mwema, na Mfipa mwenyewe aweza kuugeuza ngao, akamtisha mdeni wake kwa radi huku wote wakicheka. Lakini kicheko hiki hakikai barazani tu. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 ilipita Ufipa harakati ya Kamcape, ambayo Willis aliiandikia makala mwaka 1968: watu waliingia vijijini wakidai kuwafichua na kuwasafisha wachawi. Sheria ya Uchawi, iliyoanza mwaka 1928, inamkataza mtu kumsingizia mwenzake uchawi. Hata hivyo katika mikoa kadhaa ya Tanzania wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa shutuma hizo. Moja ya dalili zilizotajwa ni macho mekundu, ambayo mara nyingi ni matokeo ya moshi wa jikoni.

Hapa ndipo palipo na kazi ya tashtiti ya kweli. Mtunzi anayeijua mbinu ya nne hatamcheka bibi kizee. Ataandika pendekezo la heshima, kwamba, kwa kuwa macho mekundu ni ushahidi, kila apulizaye kuni mbichi akamatwe. Na kwa kuwa haki haibagui, tuanze na mama yake mshtaki, aliyempikia ugali tangu utotoni. Kichekesho ni kile kile cha uchawi, bali mshale umegeuzwa: haumwelekei tena aliyeketi jikoni, wamwelekea aliyesimama mlangoni na rungu.

Basi msomaji akutanapo na maandishi yenye kuchekesha, asiulize kwanza kama yamemchekesha. Aulize ni nani anayechekwa, ana nguvu gani, na kicheko kikiisha ni nani atakayelala kwa hofu. Akiwa ni yule mwenye nguvu, hiyo ni tashtiti. Akiwa ni bibi mwenye macho mekundu, mtunzi amempa mwenye rungu msaada ambao hakuuomba.