Varoa na Nasaba ya Nyuki wa Mwituni

Asali iuzwayo hapa Kamenge, nchini Burundi, katika chupa za maji zilizokwisha kutumika aghalabu hushuka kutoka milimani, upande wa barabara ipandayo Bugarama, ambako msitu wa Kibira umeukalia mgongo wa nchi ugawanyao maji ya Kongo na maji ya Nili. Na mnunuzi aionjapo kwa ncha ya kidole, akitaka kujua kama haikutiwa sukari, ni nadra akumbuke kwamba nyuki walioifanya, hata wale wakaao katika mizinga ya magogo, si mifugo kwa maana tuijuayo ya ng'ombe na mbuzi. Mrina asali hutundika mzinga mtupu akangoja. Kundi la mwituni huja likaingia kwa hiari yake, na siku lipendapo huhama. Kwa hiyo yawapatayo nyuki wa mwituni ndiyo yaupatayo mzinga, na habari niielezayo hapa ni ya msiba uliowashukia nyuki hao katika pande nyingi za dunia, na ya jinsi nasaba yao ilivyogeuka hata wakasalimika.

Adui mwenyewe ni mdudu wa jamii ya utitiri, aitwaye varoa, mwenye rangi ya hudhurungi iliyoiva, upana wake milimita moja na nusu au zaidi kidogo. Lakini ukilinganisha mwili wake na mwili wa nyuki, ni kana kwamba mtu ameng'ang'aniwa kifuani na kaa wa ukubwa wa sahani. Asili yake ni Asia, kwa nyuki wa mashariki, ambao waliishi naye zama nyingi wakajua kumdhibiti. Wanadamu walipowapeleka huko nyuki wa jamii ya magharibi, ambayo nyuki wetu wa Afrika ni sehemu yake, mdudu huyu alihamia kwao, kisha biashara ya malkia na mizinga ikamsambaza Ulaya na Marekani katika karne iliyopita.

Jike la varoa huingia katika kitundu cha sega muda mfupi kabla nyuki walezi hawajakifunika kwa nta, likajizamisha katika chakula cha buu. Na kitundu kikisha kufunikwa, hutaga yai la kwanza, litokalo dume, kisha mayai ya majike, moja baada ya jingine kwa kadiri ya saa 30, na watoto hao hupandana humo humo gizani, kabla nyuki hajakomaa na kutoka. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kwamba chakula chake ni damu ya nyuki, mpaka mwaka 2019 Samuel Ramsey na wenzake walipobainisha kwamba alacho hasa ni mafuta ya mwilini, kiungo ambacho kwa nyuki hufanya nyingi katika kazi za ini. Fauka ya hayo, katika jeraha amtialo nyuki hupita virusi, hususan vile viletavyo maradhi ya mabawa, na nyuki aliyeambukizwa hutoka katika kitundu mabawa yamekunjamana, asiweze kuruka, akaanguka chini ya mzinga akafa.

Atakaye kumwona varoa na achukue mwiba mrefu, afungue vitundu vya madume, ambavyo vifuniko vyake vimebenuka kuliko vya nyuki watenda kazi, kwa sababu mdudu huyu hupendelea madume, wakaao chini ya nta siku nyingi zaidi. Alivute buu taratibu, aligeuze penye mwanga. Akiona juu ya ngozi nyeupe ile nukta nyekundu ikikimbia kwa ubavu kutafuta kivuli, amekwisha kumwona.

Sasa, nyuki hubadilikaje? Jawabu lililo wazi kupita yote limetoka mbali, katika msitu wa Arnot karibu na mji wa Ithaca, jimbo la New York. Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell aliwakusanya nyuki wa mwituni wa eneo hilo mwaka 1977, na vielelezo hivyo vikahifadhiwa vikavu katika makumbusho ya wadudu. Baadaye, katika miaka ya 1990, varoa aliwasili, na wengi waliamini kwamba nyuki wa porini, wasio na mtu wa kuwatia dawa, wangetoweka. Lakini Seeley alipouzunguka msitu tena mwaka 2002 aliyakuta makundi yapo kwa wingi ule ule wa zamani. Je, hawakudhurika, au walikufa kisha wakazaliwa upya? Mwaka 2010 nyuki wengine walikusanywa, na Alexander Mikheyev, mtafiti wa Okinawa nchini Japani, pamoja na wenzake, wakasoma vinasaba vya wale wa kale na hawa wapya kwa ukamilifu, wakatangaza matokeo mwaka 2015.

Walichokiona kina pande mbili, na zaonekana kama zapingana. Kiko kipande cha vinasaba ambacho karibu kila mnyama hukirithi kwa mama peke yake, na kwa nyuki kipande hicho ni kama hati ya ukoo wa malkia. Humo wataalamu walikuta koo nyingi za mwaka 1977 zimefutika kabisa, ushahidi kwamba mauti yalikuwa makubwa mno na kwamba msitu ulijazwa tena na binti za malkia wachache. Lakini katika vinasaba vilivyo ndani ya kiini cha seli, virithiwavyo kwa baba na mama, utajiri wa zamani ulikuwa haukupungua, ilhali mamia ya jeni yalionyesha dalili ya kuchaguliwa, mengi yakihusiana na ukuaji wa nyuki. Hata miili ya nyuki wa sasa imekuwa midogo kuliko ya wazee wao.

Siri ya jambo hili imo katika ndoa ya malkia, na kwangu mimi hapa ndipo penye ajabu kubwa kuliko pengine pote. Malkia kijana huruka juu angani akapandana na madume kumi, kumi na watano, hata ishirini, kisha hutunza mbegu zao zote mwilini umri wake wote, kiasi kwamba mzinga mmoja hukusanya watoto wa baba wengi; basi makundi machache yakinusurika, yamebeba ndani yao urithi wa madume ya msitu mzima, yakiwamo madume ya makundi yaliyokwisha kufa. Mama mmoja huokoka, na pamoja naye wakaokoka mababa wengi.

Afrika nayo ilifikiwa. Varoa alionekana karibu na Cape Town mwaka 1997, na kwa kuwa wafugaji wengi wa Afrika Kusini hawakutumia dawa, Mike Allsopp aliweza kufuatilia nyuki wenyewe wakipambana: wale wa Cape walistahimili baada ya miaka mitatu hadi mitano, na wale wa savana baada ya miaka sita au saba. Mwaka 2009 akaonekana Kenya na Tanzania. Elliud Muli na wenzake walipoipima mizinga ya mahali 24 nchini Kenya, mwaka uliofuata, walimkuta karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali, wala hawakuona kwamba makundi yenye varoa yalikuwa madogo kuliko yasiyo naye. Nyuki wetu hugawana makundi mara nyingi, huhama upesi, na majana yao hukaa chini ya nta muda mfupi kidogo kuliko ya nyuki wa Ulaya, mambo ambayo humnyima varoa nafasi ya kuzaa. Uhodari huo umevuka hata bahari: mwaka 1956 Warwick Kerr alichukua malkia wa Afrika Kusini na wa Tabora akawapeleka Brazili, makundi kadhaa yakatoroka mwaka uliofuata, na uzao wao huko hustahimili varoa bila dawa.

Kwa sababu hiyo nasema kwa nguvu zote kwamba mfugaji wa Bubanza au Kayanza asikimbilie dawa za kuua utitiri, wala asishawishiwe kuleta malkia wa kigeni kwa ahadi ya asali nyingi. Dawa humwokoa dhaifu akaendelea kuzaa, na hubaki katika nta; malkia wa kigeni huja na nasaba isiyojaribiwa, pengine na maradhi mapya. Kwa afya zetu, varoa hamdhuru mwanadamu, na asali ya mzinga wenye varoa huliwa bila hofu. Wa kunyimwa asali yoyote ile ni mtoto mchanga asiyetimiza mwaka, kwa sababu ya vijidudu vya botulizimu. Lililo zito zaidi kwa nyuki ni moto wa warina asali, ambao huunguza mti na kundi pamoja, na kwa kila kundi liunguzwalo hupotea urithi wa mababa wasiohesabika.

Liko jambo jingine liwezekanalo hata kwa mfuko mdogo. Habari ya Arnot isingejulikana lau nyuki wa mwaka 1977 wasingehifadhiwa. Burundi yapakana na Tanzania, alikokwisha kuonekana varoa, na makundi ya nyuki hayajui mpaka. Basi Chuo Kikuu cha Burundi na wafugaji wa Kibira wangeweza kuanza mwaka huu huu, kwa kutia nyuki kadhaa wa kila mlima katika kopo la spiriti kali, pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa penseli mahali, tarehe na kimo, na kuyaweka makopo hayo penye baridi na giza kwa ajili ya watakaokuja kuwasoma.