Kijana hakimbii jembe, anakimbia kungojea franga



Hapa Lusangi, upande wa Kasongo na upande wa Kabambare, mwezi wa kumi na wa kumi na moja kilio ni kilekile: mpunga umeota vizuri, lakini majani yanaumeza na mikono ya kupalilia haipatikani. Wakati huohuo, wazazi wanasema vijana wao hawana kazi. Kazi iko, na watu wako. Kwa nini havikutani?

Dhahabu inalipa wiki hii, mpunga unalipa mwezi wa pili

Wengi wetu tunajibu haraka: vijana ni wavivu, hawapendi tena jembe. Lakini angalieni kijana huyo kwenye shimo la dhahabu kule Salamabila. Anachimba, anabeba mawe, anaosha mchanga ndani ya maji tangu asubuhi mpaka jioni. Huyo si mvivu. Tofauti iko kwenye siku ya kulipwa. Kule, akipata kitu, anashika franga wiki ileile. Huku anapanda mwezi wa tisa, anavuna mwezi wa kwanza au wa pili, kisha anangoja mnunuzi apite na kutaja bei yake. Hiyo miezi mitano, atakula nini? Mtoto akigonjwa, atalipa dawa na nini?

Lakini mgodi nao haumuhakikishii mtu kesho. Wazee wanakumbuka Sominki, iliyoanzishwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za madini za Maniema na Kivu. Mwaka 1985 bei ya kasiteriti ilianguka katika soko la dunia, na kampuni ile haikusimama tena vizuri. Karibu zaidi na sisi, kampuni ya Banro ilitangaza uzalishaji wa kibiashara pale Namoya mwanzoni mwa mwaka 2016. Mwaka 2019 ilisimamisha kazi kwa sababu ya usalama. Mpunga wenyewe uko Kasongo tangu wakati wa wafanyabiashara waungwana, zaidi ya miaka 130. Kampuni zimekuja na kuondoka, na mpunga ungali unalimwa.

Kwa hiyo, swali la kooperative si namna ya kuwafokea vijana. Swali ni hili: tufanye nini ili shamba nalo lilipe siku ya kazi?

Tupige hesabu ya depo

Tuchukue mfano wa kooperative ya wamemba 40. Kila mmemba anavuna mifuko 5 ya mpunga, ya kilo 80. Jumla ni mifuko 200. Kama kila mmoja anaacha mfuko mmoja tu katika depo, tunabaki na mifuko 40, ni kusema kilo 3.200. Kilo 100 za mpunga mkavu zinatoa karibu kilo 60 za mchele. Kwa hiyo tunapata kilo 1.920 za mchele.

Usiuze mfuko huo mwezi wa pili, wakati kila mtu anauza. Uweke mpaka mwezi wa kumi, wakati vyungu vimeanza kuwa vyepesi na bei imepanda. Tuseme mkutano mkuu umekubali kwamba siku moja ya kupalilia ni kilo 3 za mchele, au bei yake kwa franga. Kilo 1.920 zinalipa siku 640 za kazi, ni siku 16 kwa shamba la kila mmemba. Kijana anapimiwa kipande chake asubuhi, mtu wa komite anakagua, na jioni analipwa. Jina lake linaandikwa katika daftari, na siku zake zinahesabiwa.

Hapa kuna masharti mawili. Mpunga ukaushwe juu ya shitingi, si juu ya udongo, mpaka punje ikilie vizuri kwenye meno. Ukiingia depo na maji utaoza. Na funguo za depo zisikae na mtu mmoja. Ziwe mbili, kwa watu wawili wasio wa familia moja.

Masini peke yake haileti kazi

Kila kooperative inatuomba masini ya kukoboa. Ni ombi zuri: mpunga ukiondoka kijijini na maganda yake, kazi ya kukoboa, kupepeta na kufunga mifuko inaondoka pamoja nao, na pumba za kuku pia. Lakini tupige hesabu kwanza. Mifuko yetu yote 200 ni tani 16. Masini ndogo inayokoboa kilo 250 kwa saa inamaliza tani hizo kwa saa 64. Ukiifanyisha saa 4 kwa siku, ni siku 16. Siku nyingine zote za mwaka, yule kijana aliyefundishwa kuiendesha atakaa bure, na mwishowe naye atachukua njia ya Salamabila. Siku masini itakapoharibika, fundi hayuko.

Ndiyo sababu, kabla ya kuomba masini, mtafute kazi yake ya miezi 12. Mkubaliane na vijiji jirani ili walete mpunga wao kwa malipo. Mchague motere inayoweza kuzungusha pia kinu cha unga, kwa sababu muhogo na mahindi havingoji msimu mmoja kama mpunga. Tangu siku ya kwanza, kila malipo yakatwe sehemu ya mazutu, sehemu ya vipuri na sehemu ya mshahara. Hapo ndipo mwendeshaji, mwenye kuandika daftari, wamama wanaopepeta na wenye baiskeli wanaobeba mifuko watapata kazi ya kweli.

Maswali ya mkutano mkuu ujao

Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na kwa sheria hiyo kooperative rahisi inaweza kuanza na watu 5. Maana yake, vijana watano wenye baiskeli, au wamama watano wanaokausha muhogo, wanaweza kusimama wenyewe na kufanya mkataba na kooperative kubwa.

Basi tunaomba kila komite ilete mbele ya wamemba maswali haya manne, na majibu yaandikwe:

1. Mwaka jana, ni mashamba mangapi yaliyomezwa na majani kwa kukosa mikono?
2. Je, kila mmemba anakubali kuacha mfuko mmoja katika depo?
3. Siku ya kupalilia italipwa kiasi gani, na nani atakagua? Mwanamke na mwanamume walipwe sawa kwa kipande kilekile.
4. Nani atafukuza ndege wakati mpunga unatoa masuke, ili watoto wabaki darasani?

Swali la pili lijibiwe kabla ya mavuno. Mfuko ukishapakiwa kwenye baiskeli ya mnunuzi, haurudi tena.